Mpira wa Breki wa Jipu la Bagalwa

Kila siku akitoka shuleni Hidaya alivua sare, akavaa ovaroli kuukuu ya kaka yake, akakimbilia gereji. Gereji yenyewe, jamani, usiifikirie kubwa. Ilikuwa ua mmoja tu wa Magarama, pale Gitega, wenye paa la mabati yaliyoshika kutu na shimo refu la kuingilia chini ya magari. Hidaya alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kitu kimoja tu alikitaka duniani: kuwa fundi kama baba yake. Watu walimcheka. Msichana na grisi wapi na wapi? Naye alikaza shingo, akazidi kuja.

Baba yake, Mzee Houssein, alijifunza ufundi Ujiji akiwa kijana, akarudi Burundi na sanduku la spana. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mwaka hata mwaka, mpaka akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana gereji ile ilikuwa na desturi yake. Kabla gari halijakabidhiwa, mtu mmoja aliingia shimoni. Mzee aliketi kwenye benchi lake mlangoni, akataja kifaa kimoja kimoja kwa sauti. Aliye chini alitia mkono kwenye kile kilichotajwa, akajibu, "Nimegusa." Ole wako useme hivyo kabla mkono haujafika! Mzee alikuwa haoni, alichobaki nacho ni neno lako.

Siku hiyo gari lililokuwa juu ya shimo ni jipu la Bagalwa, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kusini. Bagalwa alichukua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na vitenge, akaviuza Muyinga na kwenye masoko ya milimani njiani. Barabara za huko, hasa baada ya mvua, zilikuwa makorongo matupu.

"Gurudumu ikiingia kwenye shimo, ingine inabaki hewani," Bagalwa alilalamika. "Gari inacheza tu, haishiki chini. Mi nimechoka, Mzee."

"Amotisa zako za nyuma ni fupi," alisema Mzee Houssein. Amotisa ni yale mabomba mawili ya mafuta yanayotuliza mtikisiko wa gari. Wengine huziita shokapu. "Zinalizuia gurudumu kushuka. Tutakufungia ndefu. Gurudumu litafuata ardhi mpaka chini kabisa."

Kazi ile ilifanywa na Matata, fundi mwajiriwa, mtu mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Alipomaliza alimwita Hidaya.

"We binti, sikiliza vizuri. Amotisa ndefu zinaacha ekseli ishuke kuliko zamani. Lakini mpira wa breki, huu hapa unaopeleka mafuta kutoka kwenye chasi mpaka kwenye ekseli, ni ule ule mfupi. Kabla ya kumjibu Mzee, inua gari nyuma kwa kriki, pande zote mbili, uweke magogo chini ya chasi, magurudumu yaning'inie. Halafu ndiyo uguse mpira. Ukiwa umevutika, tutauweka mrefu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kriki ikikushinda, niambie. Mikono hiyo iliumbwa kwa kusuka nywele!"

Vijana wa gereji waliangua kicheko. Hidaya aliumia, aliumia kweli kweli. Matata akachukua mfuko wake, akaenda nyuma ya ua kurekebisha pikipiki ya mtu, huku akipiga mluzi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Hidaya aliweka kriki, ikazama kwenye tope. Akaweka ubao chini yake, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gari likainuka kidogo, kisha kriki ikateleza na gari likarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Kumwita Matata kulikuwa jambo la hatua chache tu. Lakini angemwitaje, baada ya maneno yale? Wangecheka mpaka jioni.

"Hidaya, uko tayari?" baba yake aliita kutoka mlangoni.

Akaingia shimoni. Mzee akaanza kutaja, naye akajibu kwa haki: nati za amotisa, amegusa, springi, amegusa, bomba la moshi, amegusa. Kisha sauti ikasema:

"Mpira wa breki wa nyuma, magurudumu yakining'inia?"

Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Hidaya akaupeleka mkono kwenye mpira. Ulikuwa umelegea vizuri, wala hauna tatizo lolote. Akajiambia, si nimeugusa?

"Nimegusa," alisema.

"Ahsante, mwanangu. Toka sasa."

Asubuhi yake Bagalwa alikuja na mkewe, Mama Donatienne, aliyekuwa anakwenda Muyinga kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa amevaa kitenge kipya na furaha ilimjaa usoni. Alipomwona Hidaya akiwa njiani kwenda shule alimkumbatia.

"Aka! Fundi wetu huyu! Mume wangu aniambia wewe ndiye umekagua gari. Mi najisikia vizuri nikijua ni mtoto wa kike."

Hidaya akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini Bagalwa akawasha injini, Mama Donatienne akapanda, akapunga mkono, na jipu likaondoka. Hidaya akaufunga mdomo wake, akaenda shule.

Habari ililetwa na dereva wa lori. Kwenye mteremko mkali, kabla ya kufika Muyinga mjini, Bagalwa alikanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Mpira wa nyuma ulikuwa umekatika na mafuta yote ya breki yamemwagika njiani. Aliligongesha gari kwenye upande wa mlima ili lisitumbukie bondeni, nalo likalala ubavu. Yeye alivunjika mbavu. Mama Donatienne alibanwa mguu, na hospitalini madaktari wakaukata chini ya goti.

Mzee Houssein alisimama kutoka kwenye benchi lake.

"Matata, ulifunga nini pale?"

"Mzee, nilifunga vizuri. Na nilimwambia mtoto ayaning'inize magurudumu, aangalie ule mpira."

"Mtoto nilimuuliza, akanijibu amegusa. Unataka kusema Hidaya ananidanganya mimi, baba yake, nisiyeona?"

Matata akamgeukia Hidaya. Watu wote wakamgeukia. Hidaya akatazama vidole vyake vya miguu.

"Chukua vitu vyako," Mzee alimwambia Matata. "Sitaki mtu anayemsingizia mtoto makosa yake."

Matata akaondoka bila mluzi. Habari za mtaani hazina breki, bwana. Kabla wiki haijaisha, Magarama yote ilikuwa inamjua kama fundi aliyemkata mguu mke wa Bagalwa. Hakuna gereji iliyomtaka. Siku moja Hidaya alikuwa kwenye foleni ya bomba la maji alipofika Pili, mke wa Matata, na mtoto mgongoni. Wanawake wakavuta ndoo zao pembeni kama vile Pili ana upele. Mmoja akasema kwa sauti, ili asikike, "Wengine wanateka maji, wenzao wanalilia mguu wao." Pili akateka maji yake huku machozi yakimdondoka. Hidaya akaiacha ndoo yake pale pale, akakimbia nyumbani.

Mzee Houssein alipoamua kwenda Muyinga kuwajulia hali wagonjwa, alimwambia Hidaya, "Utakuwa macho yangu. Nataka kuliona lile gari."

Jipu lilikuwa limeegeshwa kwenye kiwanja nyuma ya soko la Muyinga, limebonyea upande mmoja, kiti cha mbele kimekauka damu.

"Nieleze huo mpira," alisema baba yake. "Umeoza? Una mikwaruzo?"

Angeweza kusema umeoza. Nani angembishia? Akamshika baba yake mkono, akamwongoza mpaka kwenye vipande viwili vya mpira. Vidole vya Mzee vikapapasa taratibu, vikarudi tena palipokatika.

"Ni mzima huu, haujaoza. Umekuwa mwembamba kwenye mkato. Umevutwa, ukavutwa, mpaka ukashindwa." Akageuza uso wake kwa binti yake. "Hidaya. Siku ile, magurudumu yalikuwa yananing'inia?"

"Hapana, Baba." Na hapo akalia kwa sauti, akasema yote: kriki, tope, kicheko cha Matata, neno alilolisema akijua si kweli, na lile alilolimeza asubuhi ya safari. Baba yake hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akashika kichwa. Hidaya alitamani afadhali angempiga.

"Twende hospitali," Mzee alisema mwishowe. "Utayasema haya kwa mdomo wako mwenyewe."

Mama Donatienne alikuwa amelala, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Bagalwa alikuwa kwenye kiti kando yake. Hidaya alipiga magoti, akarudia yote. Bagalwa aliinuka kwa hasira, mbavu zikamrudisha kitini. Mke wake akamtazama msichana, macho makavu.

"Nitakusamehe, mtoto, lakini si leo," alisema. "Leo mi ninaumwa. Mguu wangu haurudi, hata ulie mpaka kesho. Ungesema ile asubuhi nilipokukumbatia, ningeshuka kwenye gari, tungekawia kidogo, basi. Lakini yule fundi iko na miguu yote miwili na hana kazi. Nenda umrudishie jina lake. Hilo bado linawezekana."

Walirudi Gitega. Mzee hakupumzika hata kidogo. Aliwaita vijana wa gereji na majirani, wakaongozana mpaka kwa Matata. Walimkuta uani anafunga spana zake kwenye gunia, apate kuziuza. Hidaya akasema kosa lake mbele ya wote, mbele ya Pili pia. Kisha Mzee akavua kofia yake.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilimwamini mtoto kwa sababu ni wangu, nikakukataa wewe kwa sababu si wangu. Sikuuliza mara ya pili. Nisamehe, Matata. Nafasi yako iko pale pale. Kuanzia sasa hakuna gari linaloondoka bila watu wawili kushika kila kifaa. Kwanza tunaanza na jipu la Bagalwa: tutalivuta mpaka hapa, tulitengeneze kwa jasho letu."

Matata aliwatazama majirani, mmoja mmoja, mpaka baadhi yao wakainamisha nyuso. Ndipo akamgeukia Hidaya. Hakuwa na utani hata chembe.

"Kazini nitarudi, Mzee, watoto wanakula. Lakini we, binti, nikuambie kitu. Nilikutania vibaya, na hilo ni langu. Lakini kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ungeniita, ningekucheka, kweli ningekucheka, halafu tungeishika ile kriki pamoja na gari lingeinuka. Kicheko changu kisingemkata mtu mguu."

Hidaya aliinama, akalibeba gunia la spana, akatangulia kuelekea gereji.