Hamdun Hayuko Mombasa

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Swafiya aliteka maji, akafagia ukumbi, kisha akampelekea kaka yake uji katika chumba cha nyuma. Kisimani, wanawake wa kijiji cha Siyu walimuuliza, "Hamdun hajambo?" Naye alijibu alivyofundishwa: "Hajambo. Yuko Mombasa."

Uongo mtupu! Hamdun alikuwa nyumbani, mlango umetiwa komeo. Kijana aliyeshona viatu vya ngozi vikasifiwa kisiwa kizima cha Pate, sasa alibishana na watu wasiokuwapo. Chakula alikikataa, akidai kimetiwa sumu.

Balaa hilo lilianza mwaka 1964, dada yao Umulkheir alipoposwa. "Wakwe wakisikia tuna mwenye wazimu, posa itavunjika," alisema mama yao, Bi Ummu. "Tumsitiri mpaka arusi ipite." Arusi ilipangwa baada ya Maulidi. Mara baba wa bwana arusi akafariki, ikaahirishwa. Jamani, na komeo nalo likabaki pale pale! Mwaka ukaisha.

Siku moja Swafiya alipoingia na uji, Hamdun alimkodolea macho. "Wewe ni nani?"

Swafiya alilia mpaka sauti ikamkauka. "Mama, kaka anatupotea!"

"Nyamaza! Wataka dada yako asiolewe?"

Swafiya hakwenda chuoni siku hiyo. Alikimbia hadi kwa Bwana Patroba, daktari wa serikali kutoka bara, aliyekuja kutibu wagonjwa kijijini. "Bwana daktari," alisema, "kaka yangu hayuko Mombasa. Tumemfungia."

Walipofika nyumbani, Bi Ummu aliwazuia mlangoni, mikono ameitanua. "Bwana, utaniumbua!"

"Bi Ummu, huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una dawa. Umeanza lini?"

"Yapata mwaka."

Daktari alishusha pumzi. "Lo! Laiti ningeitwa mapema."

Hamdun alipelekwa hospitali ya Mombasa, akakaa miezi kadhaa. Aliporudi alikuwa akilala vizuri, akila, na akimwita Swafiya kwa jina lake. Swafiya alifurahi mno. Lakini alipokaa kushona, Hamdun alifika katikati ya kiatu akasahau kinachofuata, akabaki ameshika sindano tu. Na wale wakwe? Walipopata habari walikuja kumjulia hali, na arusi ikafanyika vilevile!

"Atarudi kama zamani?" Bi Ummu alimuuliza daktari.

"Asiache dawa, atazidi kupata nafuu. Kama zamani, siwezi kukuahidi. Mara nyingi anayetibiwa mapema hupona vizuri zaidi. Anayecheleweshwa, akili huchelewa kutengemaa, na pengine hairudi yote."

Bi Ummu aliangua kilio. Akamvuta Swafiya kifuani.

"Mwanangu, niliogopa maneno ya watu, nikamwangamiza kakako. Ukiona mtu amebadilika akili, sema siku ile ile. Hata nikikukataza mimi mamako, sema."