Chaneli ya Kokuberwa

Taa ya chaneli ya nane iliwaka, na hapakuwa na maiki iliyochomekwa.

Gosbert alidhani ni waya mbovu. Alikuwa peke yake kwenye ukumbi wa kwaya, Igoma, akiunganisha kinanda na mikisa yake ndogo, mashine ya kuchanganya sauti ambayo kila mpigaji hukaa nayo ubavuni ili ajichagulie sauti za kusikia kwenye hedifoni. Kwa waya wa MIDI, unaopeleka amri za kinanda kwenye mashine, vishikio vya kinanda vingepandisha na kushusha sauti hizo. Kazi yenyewe si ngumu: unalinganisha namba za chaneli pande zote mbili, unasukuma kishikio, mikisa inakitambua. Chaneli ya nane ilikuwa ya mkewe, Kokuberwa, na hakuna mwanakwaya aliyethubutu kumwambia Gosbert aifute.

Kokuberwa alizama akivuka maji kutoka Nansio, na ziwa halikumrudisha. Wazee wa Kihaya walitaka uzikwe mgomba badala ya mwili, kama wafanyavyo kwa aliyepotelea majini. Gosbert akakataa katakata. Kuzika mgomba ni kukubali, naye alikuwa bado anampikia mkewe chai.

Akasukuma kishikio cha nane. Masikioni ukaingia mvumo wa maji, harufu ya tope la ziwani ikatanda ukumbini, kisha Kokuberwa akaimba ule ubeti aliokuwa akiukosea kila mazoezi, na akaukosea palepale. Gosbert alilia kwa furaha, maskini.

Akawa anarudi kila alasiri. Mpaka siku moja sauti ikaacha kuimba.

"Baba Precious, nina baridi. Niletee mtoto."

Alivua hedifoni, akaenda nyumbani mbio, akajiambia njia nzima kwamba ni uchovu tu, kwamba mtu aliyefiwa husikia mengi, kwamba mashine ni mashine, hata alipofika uani akamkuta binti yake amevaa viatu, nguo zimemlowa na zinanuka tope, wala mvua haikuwa imenyesha.

"Mama anasema twende ufukweni," Precious alinong'ona. "Kasema bibi asijue."

Bibi alikuwa Prudencia, mama yake Kokuberwa, aliyehamia kwao baada ya msiba. Gosbert akamweleza yote.

"Jini la ziwani huvaa jina la asiyezikwa," Prudencia alisema taratibu. "Mwanangu mimi hawezi kumtaka mtoto wake majini. Tumzike, baba. Halafu ukafunge ulichofungua, kwa mkono wako."

Wakauvika mgomba sare ya kwaya, wakauzika kiwanjani kwao Kisesa. Prudencia aliulilia kama alivyopaswa kulilia mwili, na Gosbert naye, kwa mara ya kwanza, akalia kilio cha mgane.

Alasiri hiyohiyo waliingia ukumbini. Gosbert akavaa hedifoni.

"Wamezika nani, Gosbert? Mimi niko hapa."

Akaanza kukishusha kishikio. Sauti ikamsihi, ikamwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na mkono wake ukawa mzito, lakini akamkumbuka mtoto na nguo zake zilizolowa, akaendelea kushusha huku machozi yakimdondokea kwenye kinanda, mpaka ikabaki sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kuelewa.

"Basi, mtunze Precious."

Mkono ulikuwa umeshafika chini. Taa ikazima.

"Limeondoka?" Prudencia aliuliza.

"Limeondoka, mama," Gosbert akajibu, na hakumwambia lilivyoaga.