Tuta Kati ya Vitalu Viwili

Kila alasiri aliporudi kutoka shuleni, Amandine aliacha mkoba wake mlangoni, akachukua jembe dogo na dumu la maji, akashuka kwa lifti kutoka ghorofa ya tisa. Lifti ilinuka mafuta ya kukaangia na ilisimama karibu kila ghorofa. Nyuma ya jengo lao, hapo Etobicoke, magharibi mwa jiji la Toronto, palikuwa na uwanja mrefu wa shirika la umeme, uliopita chini ya nguzo zake kubwa. Uwanja ule ulikwenda mbali kuliko jicho linavyofika, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuota majani na kufyekwa kwa mashine. Katika kona yake moja, iliyozungushiwa wavu, wakazi wa majengo matatu walikuwa wamegawiwa vitalu vya kulima mboga. Kila kitalu kilikuwa na ukubwa wa chumba cha kulala, na waliosubiri kupewa walikuwa wengi kuliko waliopewa. Wenye ardhi ndivyo wanavyogawa. Majani hupewa uwanja, watu hupewa kona.

Kitalu cha Dative, mama yake Amandine, kilikuwa cha mwisho kuelekea uzio. Jirani yao alikuwa mama mzee mfupi aliyetoka kijiji cha wakulima katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Jina lake lilikuwa Sumarni, lakini bustanini kila mtu alimwita Ibu, ambalo kwa lugha ya kwao ni neno la kumwita mama. Alilima pilipili na maharage marefu yanayopanda juu ya miti. Kiingereza alikijua kidogo, watu hawakuwa na subira ya kumsikiliza, na Amandine, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye pekee aliyezoea kupiga naye soga na kuelewa Kiingereza chake cha kuokoteza.

Vitalu vyao viwili vilitenganishwa na tuta la udongo, pana kiasi cha kupitisha toroli. Tuta lilikuwa mpaka, na pia lilikuwa njia ya watu wote kwenda bombani. Kamati ya bustani ilikuwa na kanuni moja kali: anayekata njia ananyang'anywa kitalu.

Msimu wa joto wa mwaka 2011 ulianza kwa mvua nyingi. Kila mvua ilipokatika, Ibu alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alichukua jembe, akaparua magugu upande wake wa tuta, kisha akakoroga tope na kulipaka pale pale kwa kiganja, akalilainisha kama mtu anayekandika ukuta wa nyumba.

Amandine alimtazama, na moyo wake ukaingiwa na wasiwasi. Jambo la mipaka alikuwa amelisikia tangu utotoni, tangu walipokuwa katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma kabla ya kuletwa Kanada. Nyumbani kwao habari hiyo ililiwa pamoja na ugali.

"Alianza na mche mmoja," Dative alisimulia tena jioni ile, akigawa mchicha. Alikuwa akisema habari za jirani yao wa zamani, kule Makamba, Burundi, ambako mashamba hutenganishwa kwa safu ya minyaa. "Mnyaa mmoja tu, akausogeza kama mtu anayenyoosha safu. Mama yangu mjane akasema mwacheni, ni jirani. Msimu uliofuata, miche mitatu. Tulipokuja kushtuka, migomba ya marehemu baba ilikuwa kwake."

"Na mkanyamaza?" Amandine aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Tulinyamaza. Tulilala usingizi, tukaliwa."

"Mke wangu, kila siku minyaa," alisema Bonaventure, baba yake Amandine, akivaa buti za kwenda zamu ya kiwanda cha nyama. "Huyu mtoto ataota minyaa."

"Na aote. Afadhali aote kuliko alale."

Amandine hakuota kitu. Alikaa macho akifikiri. Kesho yake alishuka bustanini mapema, wakati hakuna mtu, akasimama mbele ya tuta. Aliona upande wa Ibu ulivyoparuliwa na kukandikwa, akasadiki kwamba mzee yule anakula udongo kidogo kidogo kisha anafunika kwa tope. Safari hii sisi hatutalala, alijiambia. Akainua jembe, akakata ukanda mwembamba wa tuta upande wa kwao. Pale alipopata nafasi, akapanda maharage yake mwenyewe.

Mara ya kwanza alitazama nyuma kila alipopiga jembe. Baada ya hapo hakutazama tena. Kila alipomkuta Ibu amekandika, naye alikata. Kisha akawa anakata hata Ibu asipokandika, kwa sababu maharage yalikuwa yakistawi na yalitaka nafasi. Majani yake yalitambaa yakafunika jeraha lote, na mama yake akamsifu. "Mkono wako unaotesha," alisema. Amandine alifurahi, na wala hakujiita mwizi. Wezi wa ardhi huwa hawajiiti hivyo.

Mwezi wa Agosti, baada ya mvua ya radi, bwana Mogaka alipita juu ya tuta na toroli iliyojaa mbolea. Mogaka alikuwa Mkenya, dereva wa basi la shule, na ndiye mwenyekiti wa kamati. Tuta lilimegeka chini ya gurudumu. Toroli ikapinduka, na yeye akaanguka kwa mguu uliopinda. Ilibidi watu wamwinue.

Jumamosi wanakamati na wenye vitalu walikusanyika pale pale. Dative hakuwepo; alikuwa kazini, akiogesha wazee wa watu. Mogaka alisimama kwa mkongojo, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji.

"Nataka kujua nani amekula njia," alisema. "Mimi sina ubaya na mtu. Lakini hii ingekuwa mguu wa mtoto ama wa mama mjamzito, tungesema nini?"

"Mimi sisemi kitu," alisema Zeenat, mwenye kitalu cha bizari. "Ila jiulizeni, nani anashinda na tope mikononi?"

"Tuta analipaka poda kila jioni kama bibi harusi," mwingine alidakia, na watu wakacheka.

Wote walimgeukia Ibu. Alikuwa amesimama kando ya pilipili zake, mikono imefungamana tumboni, kichwa kimeinama.

"Amandine, wewe mnasikilizana naye," Mogaka alisema. "Muulize taratibu, ni yeye alikata?"

Amandine alipita katikati ya watu. Alisogea, akauliza kwa sauti ya chini. Ibu aliinua macho, akatazama tuta. Aliyatazama maharage yaliyotambaa upande wa pili, akayatazama kwa muda. Kisha akamtazama Amandine usoni, akangoja. Amandine aliangalia viatu vyake.

"Kama watu wameshaamua, wameshaamua," Ibu alisema hatimaye.

"Amesemaje?" Mogaka aliuliza.

"Amesema... muamue nyinyi."

"Basi si amekubali?" alisema Zeenat.

Hawakukawia. Kulikuwa na familia nyingine iliyokuwa ikisubiri kitalu, na kanuni ni kanuni. Watu ambao wenyewe walikuwa wamefukuzwa katika vijiji vyao, kila mmoja na kisa chake, waling'oa miti ya maharage ya mama mzee na kuitupa kwenye rundo. Waling'oa pilipili zikiwa bado na maua. Hakuna askari aliyewalazimisha, wala mwenye uwanja hakuhitaji kushuka kwenye gari lake. Maskini walimalizana wenyewe kwa wenyewe, huku upande wa pili wa wavu majani yasiyo na faida kwa mtu yakipunga upepo.

Walipoondoka, Ibu aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawa anachuma pilipili mbichi kutoka kwenye mashina yaliyolala chini. Amandine alimkaribia. Hakuweza kwenda nyumbani, na hakuweza kubaki.

"Kwa nini hukujitetea, Ibu?"

Ibu aliendelea kuchuma. "Kwetu tunalima mpunga," alisema. "Kila jaruba lina kingo za udongo. Kabla ya kupanda, unaparua kingo, unazikandika tope, kaa na panya wasitoboe matundu, maji yako yasimwagike yakazoa miche ya jirani. Ni adabu. Anayeacha kingo zake zitoboke, watu hawamwaliki kwenye karamu. Hapa hakuna maji ya kuzuia, najua. Lakini mkono umezoea."

Amandine alitazama tuta lililomegeka. Tope lile lilikuwa adabu tu.

"Baba yangu alikuwa na jaruba moja, jembamba. Nyati wetu wa kufugwa akivuta jembe alikuwa hana pa kugeukia," Ibu aliendelea. "Aliyepakana nasi alikuwa mkuu wa kijiji. Yeye tayari alikuwa na ardhi ya cheo chake, ile nzuri iliyo kando ya mfereji. Lakini vibarua wake walikuwa wakikata kingo zetu kila msimu, kidole kwa kidole. Baba alisimama mbele ya mkutano akaomba kitu kimoja: mashamba yapimwe kwa kamba. Yapimwe tu. Mwaka uliofuata, 1965, nchi ilichafuka. Wanajeshi walifika wakawa wanauliza nani anachochea watu kijijini. Mkuu wa kijiji akawatajia baba. Alipakiwa kwenye lori, mikono imefungwa nyuma. Hatukumwona tena, wala hatukuonyeshwa kaburi."

"Na shamba?"

"Mkuu wa kijiji alilima. Kwetu mavuno yakifika, kila mwanamke anaruhusiwa kwenda kuvuna na kupewa fungu lake. Mama alikwenda. Alivuna mpunga wa shamba lake mwenyewe, akapewa fungu la mvunaji, akashukuru kwa kuinama." Ibu aliweka pilipili ya mwisho kwenye kofia yake. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo, watu wakikusanyika na kumnyooshea mtu kidole, ulimi wangu haunyanyuki. Wewe nilikuona ukikata, asubuhi moja, kutoka dirishani. Nilidhani wewe utasema. Wewe ulimi unao."

Alinyanyuka, akaondoka na kofia yake ya pilipili.

Dative aliporudi alimkuta binti yake ameketi sakafuni jikoni. Amandine alieleza yote, kuanzia ukanda wa kwanza hadi mkutano. Dative alizima jiko.

"Rudia," alisema.

Amandine alirudia.

"Ni nani aliyekufundisha haya?"

"Ulisema mlilala, mkaliwa. Nilitaka tusiliwe tena."

Dative alivuta kiti. Alikaa, akiwa bado na sare ya kazi. Kisha akasimama, akamshika mkono. "Twende kwa mwenyekiti. Utasema wewe, si mimi."

Bwana Mogaka aliwapokea mguu ukiwa ndani ya beseni la barafu. Amandine alisema akiwa amesimama. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akajipangusa uso kwa viganja.

"Nimemng'olea mama wa watu mboga zake," alisema polepole. "Na sikumuuliza hata mara mbili."

Kesho yake watu waliitwa tena bustanini. Amandine alisimama juu ya mabaki ya tuta, akasema mbele yao wote kwamba ni yeye aliyekata. Sauti ilikatika, akaanza upya. Zeenat alitazama pembeni. Hakuna aliyecheka. Kisha Amandine akainama, akang'oa maharage yake, mche mmoja mmoja, na udongo mtupu ukaonekana ulivyochongwa.

"Kanuni inasema kitalu kinachukuliwa," alisema Mogaka. "Dative, unielewe, siwezi kuwa na kanuni ya Ibu na kanuni yenu."

"Chukua," Dative alijibu. "Ni haki."

Ibu alitikisa kichwa kukataa, akasema maneno machache. Amandine alitafsiri, na safari hii hakuacha neno. "Anasema ameshaona shamba likichukuliwa mbele ya watu mara mbili. Hataki kuona mara ya tatu. Anasema tuta lijengwe, na nilijenge mimi."

Ikawa hivyo. Ibu alirudishiwa kitalu chake, na mboga za Dative zikawa zake hadi baridi itakapoingia. Lakini pilipili zilizong'olewa hazikurudi. Msimu wa nchi ile ni mfupi, na kitalu chake kilibaki kitupu mpaka theluji ilipokifunika.

Amandine alibeba udongo kwa ndoo kutwa nzima. Alipomaliza, Dative alipiga magoti kando yake juu ya tuta jipya, akamgeuza amtazame.

"Yule jirani yetu wa Makamba, unajua kilichoniuma ni nini? Udongo, ndiyo. Lakini zaidi ni kwamba alituchagua sisi kwa sababu alijua hatuna wa kutusemea. Na wewe umemfanyia Ibu vile vile. Ulikata, halafu ukamwacha asiye na ulimi alipe. Nilikusimulia tulivyoibiwa ili umjue mwizi akija, nami sikukuambia kwamba anaweza kuja kwa miguu yako mwenyewe. Hilo ni kosa langu. La kukata ni lako."

Amandine aliitikia kwa kichwa, machozi yakimchuruzika.

"Na ukitaka ardhi zaidi," Dative alisema, akaunyoosha mkono wenye tope kuelekea upande wa pili wa wavu, ambako mashine ilikuwa ikifyeka majani yasiyoliwa na mtu wala mnyama, "tazama kule. Kule, kwa wenye uwanja, ndiko tutakakouliza kwa nini hatupewi, mchana, kwa sauti, sote na Ibu akiwa katikati yetu. Anayekunyima yuko kule. Huyu hapa ni jirani yako."

Mogaka, aliyekuwa ameegemea mkongojo wake hapo kando, alikohoa. "Tuulize lini?"

"Jumatatu," alisema Dative. "Na Amandine atasema wa kwanza."