Vidonge vya Kupunguza Mashavu

Fundi cherehani alikuwa anakunja upindo wa sketi wifi yake alipoingia dukani, akaanza kucheka hata kabla ya kuketi.

"Wifi, mashavu hayo! Kaka yangu anakulisha nini?"

"Ananilisha maneno," fundi alijibu.

Walicheka wote, lakini neno lilimchoma fundi. Mwaka uliopita hakuweza hata kushika mkasi. Viungo vilimuuma, uso ulijaa upele. Hospitali walisema ana lupasi, wakampa vidonge vya prednisoloni. Maumivu yalipungua, akarudi kazini. Ila hakuna aliyefungua kinywa kumwambia kuwa dawa hiyo huweza kuvimbisha uso. Wateja wakampongeza kwa mimba asiyokuwa nayo. Kila asubuhi alijizungushia tepu kiunoni, na tepu haikuwa na habari njema.

Wifi alimpa vidonge kwenye kikaratasi. "Hivi ni vya kukojosha. Vinakausha maji mwilini."

"Havigombani na dawa zangu?"

"Aa, mwenye duka la dawa hakuuliza, nami sikusema."

Hospitali hawakueleza. Muuzaji hakuuliza. Mnunuzi hakusema. Vinywa vitatu vimefungwa, na anayelipa ni mgonjwa. Ndivyo tunavyozikana!

Fundi alivimeza, kiuno kikapungua. Fundi alifurahi. Kisha misuli ya miguu ikaanza kukaza na moyo ukawa unashtuka. "Ni pedali," alijiambia. "Nimekanyaga cherehani mno."

Mchana mmoja alisimama kumpima mteja mabega. Moyo uliruka. Ukanyamaza. Ukaanza kukimbia ovyo. Kizunguzungu kikamshika, akaketi juu ya rundo la vitambaa. Wifi, aliyekuwa amemtembelea dukani, alimkimbilia.

"Pumzika kidogo, wifi. Ni joto tu."

"Mama yangu mdogo naye aliambiwa apumzike," fundi alisema kwa shida. "Tulimzika wiki ileile. Nipeleke hospitali. Na dawa zote zibebe, hata hivyo vyako."

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Wakamtoa damu. Daktari alisoma majibu, kisha akainua kile kikaratasi cha vidonge.

"Nani amempa hivi?"

"Mimi, daktari," wifi alisema, macho sakafuni. "Nimemuua?"

"Bado tunaye. Sikilizeni. Lupasi ni sawa na askari wa mwili kumgeukia mwenye nyumba. Wanapiga viungo, wanapiga figo, hata moyo wanaweza kuupiga. Prednisoloni inawatuliza. Lakini inaweza kupunguza potasiamu, chumvi inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Vidonge hivi vya kukojosha vimeitoa zaidi kwa mkojo. Ndiyo maana moyo unaruka."

"Basi naacha dawa zote!" fundi alisema.

"Thubutu! Hivi vya kukojosha, leo ndiyo mwisho. Prednisoloni hapana. Mwili umeshaizoea. Ukiikata ghafla unaweza kuanguka, hata kufa. Tutaipunguza sisi, polepole."

"Mbona hamkuniambia tangu mwanzo?"

Daktari alikiweka kile kikaratasi mezani. "Ulistahili kuambiwa."

Walimwekea dripu yenye potasiamu, wakiuangalia moyo wake kwenye skrini. Kila mapigo yaliporuka, wifi alimbana mkono.

"Ukifa, nitamwambia nini kaka?"

"Mwambie ulinikamua maji. Sasa niachie mkono, unaniumiza."

Kesho yake mapigo yalitulia. Wakaupiga moyo picha, wakakuta lupasi haijaugusa. Baada ya miezi kadhaa daktari alikuwa amepunguza prednisoloni kidogo kidogo, na uvimbe wa uso ukaanza kushuka wenyewe. Fundi alikuwa anashona kutwa bila moyo kushtuka. Kila alipokwenda duka la dawa, alitaja kwanza anachotumia.

Siku moja ya kliniki, nesi alimpa msichana mmoja pakiti ya prednisoloni. "Kunywa asubuhi, ukishakula. Anayefuata!"

Fundi alisimama. "Hujamaliza, dada. Mwambie inavimbisha uso. Mwambie asiikate mwenyewe, wala asiichanganye na dawa bila kuuliza. Mwambie moyo ukiruka au akiona kizunguzungu, aje mbio."

"Mama, foleni ni ndefu."

"Tutasubiri."

"Tutasubiri!" benchi zima liliitikia.

Nesi aliitazama foleni. Akavuta kiti, akaketi mbele ya msichana yule, akaanza kueleza.