Picha za Sabina Ukutani

Upepo wa Julai pale Soko Kuu hauna adabu. Ulimkuta Gadiel akitoka duka la kuchapisha picha, amekumbatia picha zilizobandikwa kwenye vibao vya sponji ngumu, nyepesi kama maboksi matupu, ukampokonya moja na kuitua juu ya rundo la sidiria za mitumba. Wanawake waliokuwa wakichagua wakaangua kicheko. Gadiel hakucheka wala hakuona haya. Alisimama tu akaitazama.

Aliyeiokota alikuwa dada mmoja mrefu, Simaloi, mwenye koti la jinzi, kilemba cha kitenge cha njano na penseli nyuma ya sikio. Aliifuta vumbi kwa mkono wa koti. Ilikuwa picha ya mwanamke aliyevaa joho la kwaya, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Kaka, shika vizuri, shemeji ataumia," akasema. "Halafu umegeuza sweta."

Gadiel akajiangalia. Kweli, mishono yote ilikuwa nje.

"Sikuona," akajibu, akaliacha hivyo hivyo.

Simaloi alimuuliza anazipeleka wapi zile picha, maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kupamba kuta za hoteli na maofisi. Gadiel akamweleza kwa sauti ya mtu anayetaja njia ya kwenda posta: kwamba huyo ni Sabina, mke wake, kwamba alifariki wakati wa masika, kwamba anataka kumweka ukutani, na kwamba mwenye nyumba wake kule Sombetini hataki kusikia habari za misumari. Simaloi alitamani ardhi immeze kwa ule utani wake. Akasema atakuja Jumamosi.

Watu walimsifu Gadiel kwa ujasiri. Alirudi mapema kwenye kazi yake ya kuendesha watalii, hakulia makaburini, hakulia nyumbani. Mimi nasema ule haukuwa ujasiri hata kidogo. Ilikuwa ganzi. Angeweza kunywa chai ya moto kikombe kizima na asijue ameungua mpaka kesho yake ulimi ukatae chumvi.

Jumamosi Simaloi alikuja na pima maji, futi na pakiti ya vibandiko. Picha nyepesi namna hii, alieleza, haihitaji fremu wala msumari. Unafuta vumbi la chokaa kwa kitambaa chenye spiriti, unabandika nyuma ya picha vibandiko vya kunasa, kisha unaikandamiza ukutani kwa viganja, bila haraka. Gadiel alishika alipoambiwa ashike. Jioni Sabina alikuwa ameenea ukuta mzima: kwenye kwaya, sokoni Tengeru na mkungu wa ndizi, jikoni na povu la sabuni shavuni. Gadiel akashukuru, akamsindikiza mgeni wake hadi getini, akarudi kukaa kwenye kochi. Hakuhisi kitu.

Simu za Simaloi zikaanza. "Mzee wa sweta, umekula?" Nimekula. "Umekula nini?" Sijui. Simaloi alicheka peke yake upande wa pili, na Jumapili akaja na bakuli la loshoro, mahindi yaliyopikwa na maziwa mgando, akasimama mikono kiunoni mpaka likaisha. Tuseme wazi, alishampenda. Alimpenda mtu asiyejua sweta lake limekaaje, na hilo lilimtia hofu, kwa sababu hakujua kama ndani mle kuna mtu bado wa kumpenda. Gadiel naye, siku simu isipolia, alikuwa akiigeuza geuza mkononi kuona kama ina chaji.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Tengeru. Gadiel alimwamkia, akamkaribisha, akamletea chai. Bibi yule akasimama mbele ya ile picha ya kwaya, akaona imeinama kidogo, akanyoosha mkono kuiweka sawa. Ikatoka yote mkononi mwake, safi, ukuta haukubaki hata na alama.

Akaitazama nyuma, akaitazama mbele.

"Gadiel, baba," akasema taratibu, "huyu aliyembandika mwanangu, alitaka akae hapa mpaka lini?"

Gadiel akaipokea picha. Mama alipoondoka, alipiga simu.

"Simaloi, ungeweza kutumia gundi?"

"Ningeweza. Ila hivi ni rahisi kuzitoa."

"Kuzitoa kwa nini?"

Jibu zuri lilikuwepo, la mwenye nyumba na rangi yake, na lingemaliza mambo. Simaloi alilishika kabisa mdomoni, likamshinda kutamka. Gadiel akakata simu, na hakupokea tena simu zake, si siku ile wala wiki zilizofuata.

Mwisho wa Agosti Simaloi alikuja bila kuitwa, asubuhi ya baridi, juu ya bodaboda, amebeba gundi ya silikoni. Gadiel alifungua mlango akasimama.

"Nilitumia vibandiko vile kwa sababu ya mwenye nyumba," alisema Simaloi. "Lakini nilifurahi kwamba vinatoka. Ndiyo ukweli wangu, na ninaona aibu. Nimeshaongea na mwenye nyumba, siku ukihama nitapaka ukuta mwenyewe. Nipishe."

Akazitoa picha zote, akazipaka gundi, akaanza kumrudisha Sabina ukutani, safari hii moja kwa moja. Ya kwaya akaiweka ya mwisho. Akaikandamiza kwa viganja viwili, uso wake karibu na ule unaocheka.

"Shika upande huo," akasema. "Mpaka ikauke."

Gadiel akaja, akaweka mikono kando ya mikono yake. Walisimama hivyo, gundi ikikauka taratibu.

"Mikono yako ni ya baridi," Gadiel akasema.

"Nimetoka kwenye pikipiki, ulitegemea nini?"

"Baridi sana, Simaloi." Sauti ilimkatika. "Naisikia."

Akalia, mikono bado ukutani, kwa sauti, hata jirani akazima redio yake asikilize. Simaloi hakuachia upande wake. Gadiel alipoweza kusema, alimwomba asiondoke, si leo tu. Simaloi akajibu kwamba hataondoka.