Mikono ya Tantine Waliigeuza Salamu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na moja, mke mmoja, watoto watatu, na kiti kimoja ambacho kimeshashika umbo la makalio yangu. Ninaishi Bel-Air, hapa Lubumbashi. Wanaume wengine wanatoka asubuhi kutafuta maisha. Mimi nahama kutoka kitandani hadi mezani, na safari imekwisha. Mke wangu, Mado, anasema siku nikifa hawatahangaika kunibeba, watanizika pamoja na meza.

Kazi yangu ni kuchora katuni za mambo ya kweli. Si simba wanaosema, si mashujaa wanaoruka. Nachora watu wa kwetu na yaliyowapata. Nilianza nikiwa sekondari kwa kuwachora walimu, na viboko vyao ndivyo vilivyokuwa diploma yangu ya kwanza. Baadaye nikamchora mzee wa reli aliyengoja pensheni mpaka akasahau anangoja nini. Nikachora ugomvi wa matanga ya jirani. Tulipiga fotokopi, watu wakanunua, wakacheka, wakajitambua, wakanuna.

Nasema "tulipiga" kwa sababu tulikuwa wawili. Patou, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, ndiye aliyeandika maneno. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, wake ni kama wa mashine. Kwa hiyo nilichora watu na kuziacha tupu zile bulle, yaani vipovu vya maneno juu ya vichwa. Pembeni nilimwandikia nani anasema nini, yeye akanakili, kisha akapeleka mjini kuchapa. Mimi na mjini? Jua, vumbi, kusukumana... hapana.

Sasa, Tantine Véro ni mdogo wa mama yangu. Anauza samaki wakavu wa Pweto. Nyuma ya ukuta wake ilikuja depo ya madini, wakaanza kuosha mawe humo, na maji ya kisima chake yakaanza kunuka. Kisha ngozi ya mikono yake ikaanza kubambuka. Yeye na wamama wenzake wakapeleka mashtaka kwa chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, depo ihamishwe. Siku moja akaja kwangu.

« Mwana, bantu ya bureau habasikiake mama wa samaki, » akasema. « Unichore. Picha bataiangalia. »

Nilimchora kwa miezi. Alikaa jikoni kwetu, mikono juu, viganja vikinitazama, ngozi ikining'inia kama ganda la kitunguu. Sijawahi kuchora ukurasa bora kuliko ule. Maneno yake kwa watu wa depo yalikuwa: "Angalieni, mayi yenu inanifanya nini."

Patou akachukua kurasa zote, akaenda.

Jumapili moja Mado akarudi kutoka misa na kitabu cha karatasi inayong'aa. Kilikuwa kinagawiwa bure nje ya kanisa.

« Papa Béni, kamata, » akaniambia. « Kitabu yako imetoka. Lakini Tantine anaongea kama redio ya depo. »

Nikafungua. Ile mikono! Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa Patou: "Jambo majirani, depo imetuletea maendeleo." Mikono iliyobambuka ilikuwa inapunga salamu. Pale anapomwaga maji yanayonuka, nikasoma: "Sasa tuko na mayi hata ya kumwaga." Nilitapika. Si maneno ya kupamba, nilitapika kweli, ndani ya beseni la vyombo, na Mado akaniuliza kama hata kwa hilo nimeshindwa kutoka nje.

Nilimfuata Patou kwa miguu. Nilimkuta na kitambulisho cha kazi cha depo shingoni. Mwizi hujificha, lakini huyu alinivutia kiti, akanifungulia bia.

« Mon frère, mistari yako sikugusa hata mumoja, » akasema. « Ni maneno tu njo nilibadilisha. Na maneno, toka zamani, ni miye naandikaka. »

Sikuinywa ile bia.

Siku ya mashtaka nilikwenda bureau, ofisini kwa chef, mimi mwenyewe. Mtu wa depo hakuleta wakili. Alileta kitabu.

« Mama, hii sura ni yako? » chef akamwuliza Tantine.

« Ni yangu. »

« Nani alikuchora? »

« Mutoto ya yaya yangu, dada yangu mukubwa. »

Tantine hajui kudanganya, na ukweli wake ndio uliommaliza. Nikasimama, nikasema maneno yale si yake.

« Njo weye uliandika? » chef akaniuliza.

« Hapana, chef. Miye nilichora tu. »

« Unachora muntu, haujue anasema nini? »

Watu wakacheka. Angekuwa mwingine, ningecheka pia.

Mashtaka yalitupwa. Wamama wenzake wanaamini alinunuliwa, na sokoni wanamgeuzia mgongo. Anapita akificha mikono chini ya kitenge.

Nilikaa wiki nyingi kabla ya kwenda kwake. Alikuwa anapanga samaki.

« Usilie mu samaki yangu, itaoza, » akasema bila kuniangalia. Kisha: « Siku utanichora tena, unifunge kinywa. »

Nikamchora palepale, midomo imebanwa, hakuna bulle. Nikampa aangalie kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliangalia sana.

« Hapo njo miye, » akasema, akarudi kwa samaki wake.

Ndugu zangu mnaochora, mnaoandika, mnaorekodi wenzenu, nawaomba sana. Msimwachie mtu nafasi tupu juu ya kichwa cha aliyewaamini, hata kama mmekula naye sahani moja. Nendeni na kazi yenu mpaka kwenye mashine, na mwenye kinywa aione kwanza. Na kama ni wavivu wa kutoka nyumbani kama mimi, basi choreni maua. Maua hayana mashtaka kwa chef.