Miguu Chini ya Pazia la Zaitunbai

Mama Romani, jirani yetu wa mstari wa pili, anaapa kwamba yeye alikwenda Lindi kununua chumvi tu, wala hakuwa na haja ya kumchunguza mchumba wa mtu. Anasema alipita dukani kwa Zaitunbai akamkuta Fakihi wangu ameegemea meza, mbele yake redio tatu, anazungumza na pazia.

"Na pazia?" mjomba Maftaha akauliza.

"Pazia la chumba cha nyuma, kaka. Chini yake nimeona miguu ya mwanamke na pindo la kanga mpya. Zaitunbai anaingia na redio, anatoka anasema, 'Hii inamkwaruza.' Fakihi anacheka. Anamjibu, 'Mwambie achague anayoitaka moyo wake, yeye ndiye atakayekaa nayo.' Kama nasema uongo, Krismasi isinikute."

Mjomba akanigeukia. Nilikuwa napepeta mtama.

"Somoe, wewe ulikwenda Lindi?"

"Sikwenda, mjomba."

"Basi una mwenzio."

Ilikuwa mwaka sabini na nne, tumehamia kijiji cha ujamaa hapa Rutamba, nyumba zimepangwa mistari. Ndoa yangu ilikuwa Ijumaa. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Fakihi angekuja kukaa na mimi na mama, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu mwaka wa pili. Aliahidi kwamba kabla ya ndoa ataleta redio ya sebuleni.

Na mimi nilikuwa na barua yake, aliyoniletea utingo wa lori la korosho:

"Kwako Somoe. Redio imepatikana. Sikuichagua mimi, lakini aliyeichagua hakukosea. Usiniulize ni nani. Naileta Jumanne. Wako, Fakihi."

Nilikuwa nimeisoma mara nne nikicheka peke yangu. Baada ya maneno ya Mama Romani niliisoma mara ya tano, sikucheka.

Jumanne akaja, boksi kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Akaishia barazani na kuupa mlango mgongo, kwa sababu mama alikuwa sebuleni. Kwetu mkwe mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye ila kwa kupitia mtu, mpaka siku mama mwenyewe atakapomwita ndani. Wengine huita ndani baada ya mtoto wa kwanza. Wengine hawaiti kabisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Yule mwanamke wa dukani kwa Zaitunbai ni nani?"

Fakihi akalitua boksi polepole, kama limejaa mayai.

"Mwanamke alikuwepo, mjomba. Sikatai."

"Jina lake."

"Jina sitalitaja."

Mama Romani, aliyekuja kuazima kinu kwa mara ya pili asubuhi ile, akasema, "Mimi nilinyamaza, mkaniona mmbea."

"Hukunyamaza," nikamwambia.

Mjomba alimsogelea Fakihi. "Kuna ubaya gani kati yenu?"

"Hakuna ubaya, Mungu ni shahidi. Lakini nikimtaja nitamvunjia heshima. Na heshima yake naitaka."

"Kuliko unavyomtaka Somoe?"

Fakihi alitazama miguu yake. Nimemchunguza mtu huyu tangu msimu wa korosho uliopita. Akidanganya hukuna sikio. Hakukuna.

"Somoe nampenda, mjomba. Ndiyo maana simtaji."

"Basi Ijumaa hakuna ndoa. Posa yako nitairudisha. Na boksi lako libebe."

Akainama kulichukua. Hakubishana, hakuniangalia aniombe nimtetee. Nikaona akiondoka hivi hivi nitabaki na barua na maneno ya Mama Romani maisha yangu yote.

"Mjomba," nikasema, "kabla haijaondoka, mama aiguse. Ameingoja mwaka mzima."

"Aiguse ya nini, redio ya mwanamke mwingine?"

"Aiguse tu."

Nikaiingiza ndani. Ilikuwa redio ya mbao, kubwa, ina kitambaa usoni na vitufe vinne chini yake. Nikaiweka mezani. Sasa, mama yangu akitafuta kikombe hupapasa mkeka mzima. Lakini kwa redio ile hakupapasa. Kidole kilipita juu ya mbao, kikashuka upande wa kulia, kikashika kitufe cha mwisho, kikazungusha. Sauti nzito ya mwanamume ikajaa sebule, inasoma salamu za wagonjwa.

"Mama," nikamwambia taratibu, "umejuaje kwamba inawashiwa hapo?"

Akaipunguza sauti.

"Ile ya kwanza ilikuwa inawashiwa juu," akasema. "Ilinikwaruza masikio."

Nje Mama Romani akasogea dirishani.

"Maftaha, mdogo wangu," mama akaita. "Miguu ile chini ya pazia ni yangu."

Mjomba akaja mlangoni. "Wewe, dada? Duka moja na mkweo?"

"Pazia lilikuwa katikati. Juma lile niliwaaga nakwenda kuzuru ndugu, kumbe nilikwenda hospitali kwa haya macho, yeye ndiye aliyenisindikiza. Mimi mbele na dereva, yeye juu ya magunia. Daktari akaniambia macho hayarudi. Nikakaa kwenye benchi, nikalia. Huyu akasimama mbali, akaenda kumwita Zaitunbai, mwanamke mwenzangu, aje anishike mkono. Akasema, kama macho hayarudi, chombo cha sebuleni kichaguliwe na masikio yangu. Zaitunbai akanipa habari kwamba Unguja kuna redio zenye picha, mtu unamwona anaongea. Nikamwambia hao wakae Unguja, mimi sauti zinanitosha."

"Mbona hukusema tangu juzi?"

"Niseme nini? Kwamba nimecheka na mkwe wangu? Nilijua atajitetea mwenyewe. Sikujua kama atakubali kukosa mke kwa kuficha aibu yangu."

Mjomba akakohoa. Akakohoa tena. "Ijumaa iko palepale," akasema, akaenda kunawa miguu ambayo haikuwa na tope.

"Mimi nilisema mwanamke tu," Mama Romani akasema. "Mwanamke gani, sikusema."

"Kinu kile pale, Mama Romani."

Nikatoka mpaka kizingitini. Fakihi bado alikuwa ameupa mlango mgongo. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho, na mimi niliona sijapata kuona mgongo mzuri kama ule.

"Ungeondoka kweli?" nikamwuliza.

"Ningefika kwenye barabara, nikae juu ya boksi. Mjomba wako angechoka kuniona."

"Na redio ndogo ya kubeba ungeweza kununua. Ukasikilizia barazani."

"Mama hakuipenda sauti yake."

Sauti yake ikashuka.

"Somoe, nisemee kwa mama. Redio sebuleni, mama sebuleni, mimi barazani, sina neno. Lakini masika mvua hupiga upande huu. Mwambie siombi kiti. Aniruhusu niingie, nikae sakafuni nyuma ya mlango, nisikilize naye."

Nikageuka. "Mama, Fakihi anaomba..."

"Nimesikia."

Salamu za wagonjwa zilikwisha, zikaanza habari. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe cha mwisho. Fakihi alingoja, mimi nikasimama katikati yao, mkono kwenye mwimo wa mlango.